Meno ya Bwana Kunguni

Meno mnayoyataka ninayo. Yamo ndani ya kopo la maziwa ya watoto juu ya kabati langu, nimeyafunga kwa kipande cha leso, na hayajaingia kinywani mwa mtu tangu mwigizaji wake alipofariki. Nayataja mwanzo ili msisome maneno yote haya mkijiuliza kama bibi kayatupa. Sikuyatupa. Nilijaribu mara mbili, na mara mbili nikayarudisha.

Juma lililopita mlikuja kwangu Gazi watu sita, na simu zenu na kile kigoda cha miguu mitatu cha kushikilia simu. Mkakaa barazani, mkanywa chai ya tangawizi, mkala mahamri ya leo na ya kesho. Sikuudhika, mgeni ale. Kisha kiongozi wenu Faith, binti wa wale jamaa wa kutoka bara wenye mashamba ya skimu ya makazi, akaweka kikombe chini akasema:

"Bibi, sisi tunataka kurudisha Bwana Kunguni. Watu wa rika la mamangu ukiwatajia tu hilo jina wanacheka hata kabla hujamaliza. Wewe tupatie hayo meno na lile koti, kazi ingine tuachie. Wiki moja tu, kila simu Ukunda iko na Kunguni."

Nikainamia kikombe changu. Mmoja wenu akanong'ona, akidhani masikio yangu yamestaafu pamoja nami, "Shosho amezima." Sikuzima, mwanangu. Nilikuwa naona haya, na haya ya mtu mzima kwa mbali hufanana na usingizi. Nikawaambia nitawajibu kwa maandishi, kwa sababu kwa mdomo najijua. Ningewachekesha, mngeondoka na meno, na jambo lenyewe ningebaki nalo tumboni.

Kwa wale ambao hamkuwa mmezaliwa, Bwana Kunguni alikuwa mumiani. Mumiani ni yule mnyonya damu ambaye sisi watoto wa pwani tulitishwa naye. Ukichelewa dukani, mumiani atakushika, atakutoa damu, ataiuza. Hakuna aliyewahi kumwona, ila kila mtu ana jirani ambaye binamu yake aliponea chupuchupu. Katika kipindi chetu cha watoto, Jumamosi jioni, sisi tulimfanya mumiani kuwa mjinga. Akiiona damu anazirai. Anaishi kwa sharubati nyekundu ya rosela, na kila juma anapanga kumnyonya mtoto mmoja, na kila juma mtoto anamshinda akili. Mwigizaji alikuwa Kazungu, Mungu amrehemu, mtu mrefu mwembamba mwenye magoti yanayokwenda kila moja upande wake. Akiingia tu kwenye picha watoto wanaanguka kwa kicheko.

Mimi nilikuwa mpambaji, kituo chetu kikiwa Nairobi, ingawa mara nyingi tulishuka kurekodi huku pwani. Nguo zake, uso wake, meno yake na damu yake vilitoka mikononi mwangu. Nilifanya kazi hiyo mpaka mgongo ukakataa, na kama mnataka ufundi wake nitawapa, kwani naona nyinyi mnadhani kila kitu kimo ndani ya simu.

Anzeni na damu. Tulipoanza, tivi nyingi majumbani zilikuwa hazina rangi, na damu nyekundu humo ilionekana kama uji. Nikawa napika kakao nzito, ikakubali. Kisha tivi za rangi zikaja, nami kwa ukaidi wangu nikaendelea na kakao yangu. Muongozaji akasimamisha kila kitu akaniuliza mbele za watu, "Mwanasiti, huyu mtoto kaumwa au kamwagikiwa na chai?" Ndipo nikarudi kwa maua ya rosela ninayoyajua tangu utotoni, nikayachemsha na sukari mpaka yanate kwenye kijiko, nikatia kakao chembe tu ili isiwe ya waridi kama gauni la bibi harusi. Lo, ilikuwa damu tamu! Tamu mno. Siku tuliyorekodi Diani ufukweni, nyuki wakaisikia harufu kabla hatujamaliza kupanga taa. Kazungu akakimbilia baharini na koti lake na meno yake, nyuki nyuma yake, na wageni wa hoteli wakasimama wakapiga makofi wakidhani ndiyo shoo ya alasiri. Tangu hapo damu ya nje niliipika kwa wanga wa muhogo, bila sukari hata punje.

Uso je? Mumiani lazima awe mweupe wa kutisha. Mara ya kwanza nilimpaka Kazungu unga wa muhogo. Joto la Ukunda mnalijua. Baada ya nusu saa uso wote ukawa ugali, unadondoka vipande vipande kwenye kola. Nikapiga simu nyumbani, marehemu nyanya yangu, aliyekuwa akiwasinga maharusi kwa manukato, akanicheka mpaka akakohoa. "Wewe mjinga, liwa ni ya nini?" Basi nikasaga liwa, ule mti wa kunukia, jiweni kwa maji ya marashi kama ya bibi harusi, nikampaka Kazungu, ikashika kutwa nzima jua kali. Mumiani wetu alinukia harusi, na nyinyi mnaojipaka poda za dukani zikachirizika mnikumbuke.

Meno yalinisumbua kuliko vyote. Ya kwanza niliyachonga kwa mshumaa, yakayeyuka Kazungu alipokunywa chai ya moto. Ya pili nilichongewa kwa mfupa wa ng'ombe na fundi mmoja wa vinyago, na yule fundi alikuwa hodari kupita kiasi. Kazungu akatamka maneno mawili tu, akajikata mdomo, damu ikatoka, damu ya kweli. Kumbe yeye mwenyewe haiwezi damu. Akaitazama kwenye kidole, macho yakapinduka, akaenda chini kama mnazi uliokatwa. Muongozaji badala ya kumkimbilia akapiga kelele, "Usizime kamera!" Ndivyo Bwana Kunguni alivyoanza kuzirai. Meno ya tatu ndiyo haya yaliyomo koponi, kazi ya fundi wa meno ya bandia wa Mombasa aliyenitengenezea kwa hasira, akisema yeye si mtu wa mchezo. Yapakeni mafuta ya nazi kwanza, la sivyo yanachubua ufizi.

Mnaona? Nimeshaanza kuwachekesha. Hii ndiyo tabia yangu, nikikaribia mahali pabaya nakunja kona. Sasa sikunji.

Nairobi mkuu wangu wa kazi alikuwa Mama Njeri, mwanamke mkali mwenye sindano ishirini kwenye kola ya blauzi. Yeye ndiye aliyenifunza kwamba mhusika hatoki kichwani, anatoka barabarani. "Toka nje ukatafute mtu anayepumua," alikuwa akisema. "Mwangalie siku nzima. Kisha mchukulie vitu vitatu tu, anavyovaa, anachoshika, na neno lake moja. Mengine mwachie, ni yake." Na baada ya hapo kulikuwa na sharti. Kabla picha haijatoka, ni lazima uende kwa mtu huyo na paketi ya sukari na majani ya chai, ukae chini, umwambie: nimekuchukua, utajiona kwenye tivi Jumamosi, kama hutaki sema sasa. Mama Njeri aliwahi kuchana nguo ya mhusika mzima iliyoshonwa juma zima kwa sababu mama mmoja muuza makaa alisema hataki. Hakununa. Alichana tu, akaanza upya.

Baada ya mwaka hivi Bwana Kunguni akaanza kuchosha. Bado alikuwa na joho jeusi tulilolitoa kwenye picha za kizungu, na mtoto wa Kwale anajua nini juu ya majoho? Muongozaji akataka mumiani wa kwetu. Mama Njeri akanipa likizo ya siku nne, akatia mkobani mwangu sukari na majani ya chai, akasema, "Nenda kwenu, umpate huko."

Nikampata siku ya pili. Wakubwa wenu wanamjua, Bwana Salimu wa Vioo, mtu wa Msambweni. Kazi yake ilikuwa kupima matende. Vile vijidudu vinavyovimbisha miguu, mchana hujificha ndani kabisa mwilini, huja kwenye damu ya juu usiku. Kwa hiyo mpimaji hana budi kuja watu wakiwa wamekwisha kula, wakijiandaa kulala. Hebu fikirini pwani yetu hii yenye hofu ya mumiani, halafu mtu anabisha hodi baada ya isha, anataka damu ya watoto wako. Miaka yake ya kwanza alifukuzwa kwa mapanga. Hakuacha. Alirudi mchana akanywa kahawa na wazee, akazika nao, akaswali nao, mpaka milango ikafunguka.

Nikamwomba nimfuate jioni moja. Nilimwambia nafanya kazi ya tivi, napenda kuona. Akasema, "Karibu mwanangu, kazi yangu haina siri." Alivaa koti la kijivu lenye mifuko minne, refu kupita magoti. Alishika kisanduku cha bati chenye vioo vidogo vilivyopangwa kama kadi. Nikahesabu moyoni vile vitu vya Mama Njeri, kimoja, viwili. Bado neno.

Nyumba ya kwanza ilikuwa hapa hapa Gazi. Mtoto wa miaka mitano hivi alikuwa ameng'ang'ania nguo ya mamake, analia. Bwana Salimu akachuchumaa mpaka macho yao yakawa sawa. Akatoa kisindano kipya, akakionyesha, kisha akajichoma mwenyewe kidole. Tone likatoka. Akalitandaza kwenye kioo, akatabasamu, akasema, "Tone moja tu, mwanangu, na dunia haiishi." Mamake yule mtoto akanieleza kwa sauti ya chini kwamba hufanya hivyo kila nyumba. Ikifika nyumba ya kumi hana kidole kizima. Asubuhi hata kushika kikombe anashikia viganja.

Kisha akanigeukia mimi. "Mgeni wetu, anza wewe. Mtoto akikuona naye atatoa."

Nilikuwa nimevaa leso mbili mpya. Nikaitia mikono yangu ndani ya leso, yote miwili, nikasema mimi ni mpita njia tu, Bwana, si wa kupimwa. Nikatoka nje haraka, nikasimama karibu na jiko, nikaandika kwenye daftari langu neno lake kabla sijalisahau. Tone moja tu na dunia haiishi. Nilijua nimepata dhahabu. Sikurudi ndani, nilimpungia mkono kutoka uani nikaenda zangu.

Lile sharti la Mama Njeri? Siku iliyofuata ningeweza kwenda Msambweni, si mbali. Nikasema jua kali. Kesho yake nikasema basi langu linaondoka mapema. Ukweli ni kwamba niliogopa angesema hataki, na nilikuwa nimeshampenda Kunguni wangu mpya. Sukari na majani ya chai niliyaacha jikoni kwa dadangu, wakayanywa. Mama Njeri aliponiuliza nikamtazama usoni nikasema, "Nilikwenda. Amefurahi sana, amecheka mpaka basi." Mama Njeri akanisifu. Astaghafirullah, alinisifu!

Na sikuchukua vitatu. Nilichukua vinne. Nilichukua na kule kujichoma. Katika kipindi cha kwanza cha Kunguni mpya, Kazungu anaingia na koti la kijivu la mifuko minne na kisanduku cha bati. Anachuchumaa mbele ya mtoto. Anasema, "Tone moja tu, mwanangu, na dunia haiishi." Anataka kumchoma mtoto, anakosea, anajichoma mwenyewe. Anakitazama kidole. Macho yanapinduka, puu, chini. Mtoto anamruka anakimbia. Walikuwa wakikirudia kipande hicho kila sikukuu. Ndicho hicho hicho Faith alichonitumia kwenye simu na nyuso zile za manjano zinazotoa machozi ya kicheko.

Lengo letu lilikuwa jema, msinielewe vibaya. Tulitaka watoto wasimwogope mumiani. Lakini mumiani wa zamani hakuwa na sura, hakuna aliyejua anavaaje. Mimi ndiye niliyempa sura, na niliitoa kwa mtu mwema mwenye mke na watoto.

Nilirudi likizo mwaka uliofuata. Nilikuwa njiani kwenda kwa dadangu, saa za alasiri, nikasikia watoto wanapiga kelele. "Kunguni! Kunguni! Tone moja tu!" Walikuwa kama kumi na tano, wanakimbia nyuma ya baiskeli. Juu ya baiskeli ni Bwana Salimu na koti lake, kisanduku kimefungwa nyuma kwa mpira.

Mnajua nilihisi nini? Nilijisifu. Moyo wangu ulivimba kwa furaha, nikasema, lo, kazi yangu imefika mpaka Gazi! Nikacheka pamoja nao. Wallahi, nilisimama katikati ya njia nikacheka mpaka leso ikaanguka begani. Bwana Salimu aliponifikia akashuka.

"Shikamoo," nikasema, bado nacheka.

"Marahaba, mwanangu. Umerudi salama?"

"Salama, alhamdulillahi."

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

Akaniangalia kidogo, akawaangalia wale watoto waliokuwa wanamngoja apande tena, akainama akakaza mpira wa kisanduku ambao ulikuwa umekaza tayari. Kisha akapanda akaenda. Kwa dadangu nikaambiwa mengine. Siku hizi akijichoma, watu wazima wanacheka, wanamwambia, "Haya zirai sasa." Kwa hiyo ameacha kujichoma. Na kwa vile ameacha, watoto hawatoi. Nyumba yangu mimi mwenyewe, ya dadangu wa tumbo moja, Bwana Salimu alipofika, Riziki, binti wa dadangu, aliingia uvunguni mwa kitanda akipiga kelele, "Kunguni huyo!" Dadangu akashikwa na kicheko mpaka akashindwa kumtoa. Bwana Salimu akangoja mlangoni, akaaga. Dadangu alinisimulia haya akifuta machozi ya kucheka, akidhani ananipa zawadi.

Hapo nilielewa, si kwamba sikuelewa. Lakini nilirudi Nairobi, na muongozaji alipouliza kama kuna jipya la Kunguni, nilimwambia, "Mpe baiskeli. Watoto wanapenda baiskeli."

Someni tena sentensi hiyo, mimi nimeiandika mara tatu ndipo ikabaki. Kosa la kwanza naweza kujitetea nalo, nilikuwa kijana, nilikuwa na haraka. La baiskeli sina utetezi.

Riziki sasa ni mama wa watoto watatu. Mguu wake wa kushoto ulianza kuvimba baada ya uzazi wa pili. Nimemuuliza daktari, akaniambia hakuna anayeweza kuapa kwamba tone lile lingemwokoa. Huenda lisingeonyesha kitu. Huenda lingeonyesha, akapewa dawa mapema. Hilo "huenda" ndilo ninaloamka nalo. Kila asubuhi Riziki anauosha ule mguu kwa maji na sabuni, anaukausha kidole kwa kidole kwa taulo laini, kwa sababu kukiwa na unyevu panachubuka na mguu unazidi. Na mara nyingi akiuosha wanawe wanamwekea kile kipande cha Kunguni kwenye simu, naye anacheka. "Mama mdogo," ananiambia, "huyu Kunguni wako alinipa raha utotoni, sijui nikushukuru vipi."

Miaka kumi nimestaafu hapa Gazi, Msambweni ni pua na mdomo, na Bwana Salimu nimemkwepa miaka yote kumi. Kwenye hitima wanawake huku, wanaume kule, nikashukuru. Nikimwona sokoni napitia nyuma ya wauza samaki. Mlipokuja nyinyi kuomba meno, nikaona sasa Kunguni atarudi na mwenyewe yu hai bado. Siku ya tatu baada yenu nikavaa, nikanunua paketi ya sukari na majani ya chai, nikaenda.

Ni mzee sana sasa. Alikuwa ameketi chumba cha mbele, miguu kwenye mkeka, redio pembeni. Nilipiga hodi, nikamwamkia, nikaketi chini. Akauliza mimi ni binti wa nani, nikamtajia baba yangu.

"Aaa," akasema. "Wewe ndiye uliyenifuata kazini jioni moja. Ulikuwa na leso mpya. Ukaficha mikono."

Nilidhani nitazungumza polepole, nimpangie. Wapi! Nikamsukumia ile sukari na majani ya chai kama mtoto aliyetumwa.

"Bwana Salimu, yule Kunguni wa kwenye tivi…"

"Ah, Kunguni," akasema, akatabasamu kidogo. "Walinisumbua sana na huyo. Mimi sijawahi kumwona, nyumba hii haikuwa na tivi. Niliambiwa tu kuna mtu huko anafanana na mimi kila kitu. Mke wangu alilia. Nikamwambia usilie, kufanana ni kazi ya Mungu, yule bwana hana kosa na mimi sina kosa."

Hapo, wajukuu zangu, ningeweza kunyamaza. Mzee alikuwa ameshajipa jibu lake, ameishi nalo miaka yote, limemtuliza. Nilifikiria kumwachia. Kisha nikamkumbuka Mama Njeri na sindano zake kolani.

"Si Mungu," nikasema. "Ni mimi. Nilikuchukua. Koti, kisanduku, maneno yako, kujichoma kwako. Nilitakiwa nije nikuombe kwanza, sikuja. Na nilipokuona umeteseka, nikaongeza baiskeli. Na Riziki wa dadangu, aliyekukimbia uvunguni, leo mguu umemvimba."

Akazima redio. Binti yake akachungulia mlangoni kuona kama kuna jambo, akarudi. Nilikuwa nalia, sifichi.

"Una picha yake?" akauliza.

Nikatoa simu, nikamwekea kile kipande alichonitumia Faith. Akaishika simu kwa mikono miwili, karibu na macho. Kazungu akaingia na magoti yake. Akachuchumaa. Akasema neno lake. Akajichoma, akazirai, mtoto akaruka akakimbia, watu wakacheka ndani ya simu. Bwana Salimu hakucheka wala hakukunja uso. Alitazama kama anavyotazama kioo chake, kwa makini.

"Na baadaye?" akaniuliza. "Akishajichoma, yule mtoto hatoi kidole?"

"Hatoi. Anakimbia."

"Siku zote?"

"Siku zote, Bwana."

Akanirudishia simu. "Basi hukuniangalia mpaka mwisho. Uliondoka mapema. Mimi walikuwa wakinipa."

Nikanyoosha mkono wangu wa kulia mbele yake, nikafungua vidole. Sijui nilitaka nini, mzee wa watu hana hata kisindano. Akaushika, akavigusa vidole vyangu kimoja kimoja kwa vyake, na vyake bado ni vigumu nchani, vina sugu. Akasema, "Radhi ya jina langu nimekupa. Ya Riziki si yangu kuitoa."

Jana asubuhi nikaenda kwa Riziki. Alikuwa anaosha mguu. Nikamwambia yote, kuanzia daftari mpaka baiskeli. Alichukua taulo akaendelea kukausha vidole, kidole kwa kidole, na mimi nikakaa pale mpaka maji ya beseni yakapoa. Jioni wanawe walipomletea simu wamwekee Kunguni, akawaambia waweke kitu kingine.

Basi njooni mchukue meno. Koti pia lipo, nimelianika litoke harufu ya dawa ya nondo. Msidhani nawakataza kucheka, kazi ya kuchekesha ni kazi ya heshima na nyinyi mna kipaji, nimewaona. Mwacheni Kunguni aogope damu, azirai hata mara tatu, Kazungu angependa hivyo. Lakini akizinduka, mtoto awe bado yupo pale, na amtolee kidole.

Na kabla hamjawasha simu zenu, nendeni kwanza Msambweni kwa Bwana Salimu, na sukari na majani ya chai, mumwonyeshe mlichokusudia. Akisema hataki, lichaneni koti. Akiwauliza mmetumwa na nani, mwambieni ni yule aliyeficha mikono ndani ya leso.